Ua Likishakatwa

Mwishoni mwa Aprili, kwenye ukanda wa mchanga ulio nyuma ya vilima vya pwani ya Uholanzi, kati ya Haarlem na Leiden, mashamba ya tulipu huwa yamechanua. Safu nyekundu hufuatwa na ya njano, ya njano hufuatwa na ya zambarau, mpaka macho yanapoishia. Mabasi ya watalii humiminika Lisse na Hillegom, na kila mtu ana simu mkononi. Kisha asubuhi moja mkulima huingia shambani na mashine ya visu vilivyowekwa kwenye kimo cha maua, na kabla ya adhuhuri shamba zima limebaki kijani kitupu. Maua yamelala chini katikati ya matuta, na mwenye shamba ameridhika kabisa.

Mgeni huona hasara. Mkulima amekwishapata alichokitaka kwa lile ua: limemthibitishia kwamba mmea ni wa aina aliyoipanda, kwamba rangi haijachafuka, kwamba safu haina mgonjwa. Kuanzia hapo ua linakula tu chakula kinachohitajika chini. Zao lake ni tunguu, na tunguu ndiyo kwanza limeanza kunenepa.

Ninaupenda ufundi huu, na kadiri ninavyoufuatilia ndivyo ninavyoamini kwamba sehemu yake bora ni ile isiyopigwa picha: miezi iliyo kati ya petali kuanguka na tunguu kurudi udongoni. Yeyote anaweza kununua tunguu la tulipu dukani, akalifukia, akapata ua zuri mwaka wa kwanza. Ua hilo lilikuwa tayari limo ndani siku aliponunua. Aliyelitengeneza ni mkulima. Ua la mwaka wa pili ndilo litakaloonyesha kama mnunuzi naye ni mtunzaji.

Ili kuelewa kazi hiyo ni lazima kwanza kujua kinachotokea chini ya udongo. Kata tunguu la tulipu katikati kwa kisu kikali. Nje kuna ganda jembamba la kahawia, kavu kama karatasi. Ndani yake kuna tabaka chache nene, nyeupe, zilizojaa wanga, zote zimeota juu ya kitako kigumu ambako mizizi hutokea. Hizo tabaka ni ghala la chakula. Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walipokuwa wameikalia Uholanzi na miji ya magharibi imekatiwa chakula, watu walichemsha matunguu haya wakala ili wasife njaa.

Mmea nao huila akiba hiyo, na huila yote. Narisisi hubaki na tunguu lake mwaka hadi mwaka; tulipu haina tabia hiyo. Tunguu lililopandwa Novemba huwa halipo tena ifikapo Juni. Limetumika lote kusukuma bua, majani na ua, na kilichobaki ni ngozi tupu. Lakini katika kwapa za tabaka zake yamekua matunguu mapya, moja kubwa karibu na bua na mengine madogo pembeni. Mkulima wa ndizi wa Bukoba au Kisii angeuelewa mpango huu bila kuelezwa: mgomba ukishazaa hukatwa, na macho ya mwenye shamba huwa kwenye chipukizi lililosimama ubavuni. Anayeuliza atalitunzaje tunguu lake baada ya maua basi anauliza namna ya kulea mabinti wa mama ambaye tayari anaaga dunia.

Malezi hayo huanza kwa mkato mmoja. Petali zikianza kulegea, ua hukatwa chini tu ya kichwa, na bua lote likaachwa. Likiachwa ua lenyewe, litatengeneza tumba la mbegu, na mbegu ni ghali: chakula kitakachokwenda huko hakitafika kwenye tunguu. Kuna sababu nyingine. Petali zikidondoka na kunata juu ya majani mabichi siku ya mvua, hukaribisha ukungu uitwao moto wa tulipu, ambao huacha majani yakiwa na madoa kana kwamba yameunguzwa. Kwa hiyo petali zilizoanguka huokotwa. Bua haliguswi kwa kuwa ni la kijani, nalo hupika chakula pamoja na majani.

Yanayofuata ni majuma sita hivi ya kuvumilia. Majani hubaki wima, kisha huinama, ncha zikawa njano, halafu kahawia. Bustani inapoteza sura. Wengi huyafyeka ili pawe nadhifu; wengine huyakunja na kuyafunga kwa mpira, wakidhani wamepata suluhisho la kati. Jani lililofungwa halipati mwanga, na jani lisilopata mwanga halipiki. Katika majuma haya ndipo tunguu jipya hupata sehemu kubwa ya uzito wake, kwa hiyo kila siku ambayo jani lina kijani ina thamani. Tulipu zikiwa chunguni, chungu kiendelee kumwagiliwa, udongo uwe na unyevu bila kutota, na mbolea iwe yenye potasiamu nyingi, kama ile ya maji inayopewa nyanya. Nitrojeni nyingi hunenepesha majani na kuliacha tunguu laini, rahisi kuoza. Dalili ya kuacha kumwagilia hutolewa na mmea wenyewe: majani yakiwa yamegeuka njano zaidi ya nusu, maji yapunguzwe mpaka udongo ukauke.

Huenda chungu kinahitajika kwa maua ya kiangazi kabla majani hayajakauka. Hapo ndipo kuhamisha kunahitaji mkono mwepesi. Donge lote hutolewa pamoja na udongo na mizizi yake, bila kuvunjwa, likalazwa katika mfereji pembeni mwa bustani, au likaingizwa katika chombo kingine chochote chenye matundu chini, likafukiwa kwa kina kilekile na kumwagiliwa. Mizizi ya tulipu ikikatika haioti tena msimu huohuo, kwa hiyo kila unyuzi unaookolewa ni siku za ziada za kulisha binti. Uzuri wa kazi unaonekana siku chache baadaye, mtu akipita na kukuta majani yamesimama kana kwamba hayakuhamishwa.

Kisha huja siku ya kuchimbua, kwa kawaida mwishoni mwa Juni au mwanzo wa Julai katika nchi za kaskazini. Kuchagua siku hiyo ni ujuzi wa macho. Ukiwahi mno, ngozi ya tunguu bado nyeupe na laini, hujeruhiwa na kucha. Ukichelewa, majani yamekwisha kupotea, matunguu hayaonekani yalipo, na maganda yake yamepasuka. Siku nzuri ni ile ambayo jani la kahawia hung'oka kwa kuvutwa kidogo, na tunguu la majaribio likifukuliwa lina rangi ya chai ya maziwa. Uma wa bustani huchomwa mbali na mmea, donge likainuliwa kutoka chini, na mikono ikafanya yaliyobaki.

Hapa inafaa kusimama na kutazama. Mkononi kuna fungu dogo la vitu: bua lililokauka, mabaki ya ngozi ya tunguu la zamani, mizizi iliyosinyaa, na matunguu mapya yaliyobanana. Bua la mwaka huu limelala nje, ubavuni mwa binti mkubwa, na pale lilipomgandamiza alipokuwa akikua pamebaki bapa. Chukua tunguu lolote la tulipu dukani, lizungushe kwa vidole, utakuta upande mmoja umenyooka kuliko mwingine. Hiyo ni alama ya bua la mama yake. Wapandaji stadi huitumia. Jani la kwanza, lililo kubwa kuliko yote, huelekea upande huo bapa, kwa hiyo matunguu yanayozunguka ukingo wa chungu hupandwa upande bapa ukitazama nje, majani yakaning'inia vizuri kando na maua yakabaki katikati.

Baada ya kukauka kivulini kwa siku chache, kamwe si juani, matunguu hutenganishwa na kuondolewa uchafu. Katika vijiji vya Uholanzi vinavyolima maua, vizazi vya vijana wa shule vimepata fedha zao za kwanza mezani pa kazi hii wakati wa likizo. Kidole gumba hupita kati ya binti na binti, kikaondoa mzizi mkavu na ngozi iliyolegea, bila kuvunja kitako na bila kulivua tunguu ganda la kahawia linalolilinda. Yaliyo laini, yenye madoa au yenye harufu hutupwa. Kisha hupita kwenye vichungio vyenye matundu ya kipimo, kwa maana tulipu huuzwa kwa mzingo wake: tunguu la sentimita 12 na zaidi ni la daraja la juu. Wakulima huuza makubwa na kubaki na madogo kwa ajili ya kupanda. Dogo sana litatoa jani moja pana bila ua, nalo litalelewa mwaka mmoja au miwili mpaka lifikie umri wa kuchanua. Mwenye vyungu vichache nyumbani afanye vivyo hivyo: makubwa yarudi chunguni, madogo yapate kona yao bustanini ambako hayatadaiwa ua.

Sehemu inayonistaajabisha kuliko zote ni ghala. Tunguu linapochimbuliwa Juni halina ua ndani yake. Ua la mwaka ujao huumbwa baadaye, tunguu likiwa rafuni, gizani, bila udongo wala maji. Mwanasayansi A. H. Blaauw na wenzake wa Wageningen walilichunguza jambo hili katika miaka ya 1920, wakikata matunguu kwa tarehe tofauti na kuchora walichokiona, hatua kwa hatua. Waligundua kwamba joto la ghala ndilo huamua mwendo. Kwenye nyuzi 17 hadi 20 hivi za Selsiasi, kile kichipukizi kilicho katikati huacha kutengeneza majani na kuanza kutengeneza ua: kwanza petali 6 katika mizunguko miwili, kisha stameni 6, mwisho ovari yenye pande tatu. Wakulima huiita hatua hiyo ya mwisho kwa herufi G, na mpaka leo huikagua kwa namna ileile. Mwezi Agosti mtu hukaa mezani na kisu chembamba na kioo cha kukuzia, akavua tabaka moja baada ya nyingine mpaka afike kwenye kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Akiiona ile pembetatu ya ovari katikati ya stameni, anajua ua limekamilika na baridi inaweza kuanza. Asipoiona, husubiri. Kila sampuli anayoifungua ni tunguu lililopotea, naye huilipa gharama hiyo kwa ajili ya maelfu yaliyobaki rafuni.

Ghala hilo ni lazima lipumue. Tunguu moja lililoshambuliwa na kuvu aina ya Fusarium hutoa harufu ya uchachu, na pamoja na harufu hiyo hutoa ethilini, gesi ileile inayotoka kwenye ndizi mbivu. Gesi hiyo huweza kuua ua changa ndani ya tunguu jirani ambalo kwa nje linaonekana zima. Ndiyo sababu wafanyakazi wa maghala hutegemea pua zao, na ndiyo sababu nyumbani matunguu huwekwa kwenye wavu au mfuko wa karatasi, mahali pakavu penye hewa, mbali na kapu la matunda. Mfuko wa plastiki uliofungwa ni hukumu ya kifo.

Majira ya majani kupukutika yanapofika, huwa wakati wa kupanda tena. Tulipu hazina haraka: Novemba, udongo ukiwa umepoa, ni bora kuliko Septemba, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu za ukungu. Chungu kipewe udongo mpya, kwani ule wa zamani unaweza kuwa umehifadhi ugonjwa. Mashambani nako wakulima hukaa miaka kadhaa kabla ya kurudisha tulipu kwenye kipande kilekile. Udongo huo mpya wa chungu uchanganywe na mchanga au kokoto ndogo ili maji yasituame. Matunguu yafukiwe kwa kina cha mara mbili hadi tatu ya urefu wake, ncha juu, yakiwa karibu bila kugusana. Mizizi huota ndani ya baridi, na baridi hiyo, chini ya nyuzi 10 kwa majuma 12 hadi 16, ndiyo hulipa bua uwezo wa kurefuka. Tunguu lililonyimwa baridi hutoa ua lililokwama kati ya majani, au hulinyausha kabla halijatoka.

Kwa sababu hiyo Naivasha imestawi kwa waridi na kuwaachia Waholanzi tulipu. Hata Limuru na Njombe, pamoja na ukali wa usiku wao, hazina baridi inayodumu majuma mfululizo. Anayetaka kujaribu Afrika Mashariki huyaweka matunguu kwenye jokofu kwa muda huohuo, jokofu lisilo na matunda, kisha akayapanda mahali penye ubaridi. Atapata ua, lakini joto litayakausha majani kabla mabinti hawajashiba. Msomaji aliyeko Leeds, Hamburg au Minneapolis ana nafasi bora zaidi, na akianza na aina za porini kama Tulipa tarda, au zile za kundi la Darwin chotara kama 'Apeldoorn', atakuta zinarudi kwa ukarimu kuliko nyingine.

Kuna kazi nyingine ambayo hufanyika ua likiwa bado juu, na matunda yake huonekana baada ya miaka: kusaka wagonjwa. Wakati wa maua mtu hutembea safu kwa safu, polepole, akitafuta mmea wenye mistari isiyo ya aina yake, na kila anapouona huung'oa na tunguu lake. Mistari hiyo huletwa na kirusi kinachosambazwa na vidukari. Katika karne ya 17 hakuna aliyelijua hilo. Maua yenye miale ya rangi juu ya weupe, kama 'Semper Augustus', ndiyo yaliyopandishwa bei mpaka soko likaporomoka Februari 1637, na watu walishindwa kueleza kwa nini tunguu lenye rangi moja mwaka huu lilichanua na miale mwaka uliofuata. Jibu lilianza kupatikana Uingereza katika miaka ya 1920, pale Dorothy Cayley alipounganisha vipande vya matunguu yenye miale na matunguu yenye afya, akaona miale ikihama.

Kirusi hicho hudhoofisha tunguu, likazaa mabinti wachache na wadogo. Anayetunza tulipu za namna hiyo basi anatunza mgonjwa, na huko ndiko ustadi huu unakofika kileleni. Huko Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, kuna jumuiya ya wapenda tulipu iliyoanzishwa 1836 ambayo bado ipo. Wanachama wake huchimbua matunguu yao kila mwaka, huyakausha, huyahesabu na kuyapanda upya, na kila Mei huyaleta maua kwenye maonyesho, kila ua katika chupa ya bia ya kahawia. Wengi wa waliouanzisha utamaduni huu walikuwa watu wa kazi za mikono. Tom Storer wa Derby, aliyeizalisha tulipu iitwayo 'Sam Barlow', alikuwa dereva wa treni, na husimuliwa kwamba alipanda maua yake kwenye kingo za reli. Mbegu yake moja ilihitaji miaka mitano hadi saba kutoa ua la kwanza, na miaka mingine mingi ya kugawanya matunguu kabla haijafika kwa jirani. 'Sam Barlow' bado inachanua.

Kule Limmen, Uholanzi, katika bustani ya Hortus Bulborum, kuna tulipu iitwayo 'Zomerschoon', yenye miale ya waridi juu ya rangi ya maziwa, inayojulikana tangu 1620. Mbegu haiwezi kuirudisha, kwa kuwa mbegu ya tulipu huzaa sura mpya kila mara. Haiwezi kuwekwa kwenye kabati la makumbusho, kwa kuwa tunguu lake hufa kila mwaka. Imefika kwetu kwa njia moja tu: vizazi takriban 400 vya mama na mabinti, na katika kila kizazi mtu aliyeyaacha majani yakauke kwa wakati wake, akachimbua, akatupa yaliyooza, akayarudisha mengine udongoni kabla ya theluji. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Ua lenyewe ndilo ushahidi kwamba hakuna kizazi kilichoachwa bila mlezi.

Aliye na chungu cha tulipu zilizokwisha kuchanua ana kazi hiyohiyo mbele yake, na haihitaji shamba wala ghala. Akate kichwa, aache majani, amwagilie, asubiri. Akishayakausha matunguu yake, aandike jina la aina juu ya mfuko, kwa kuwa mabinti wataongezeka, atagawa, na atakayeyapokea atahitaji kujua anatunza nini.